Usiisubiri Mizani Ifike: Hotuba kwa Mafundi na Wanafunzi wa TEHAMA

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mafundi mlioomba ruhusa kazini ili mfike hapa, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka nyuma ya ukumbi: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie programu zinazotengeneza poti pepe za siriali kwenye kompyuta, yaani poti zisizo na tundu wala waya. Nitazizungumzia, lakini nataka mjue tangu mwanzo ninakoelekea. Kijana anayeandika programu ya kusoma mizani, au mashine ya maabara, au kifaa chochote kinachotuma data zake kwa poti ya siriali, yaani tundu linalopitisha data biti moja baada ya nyingine, hana sababu ya kukaa bure akisubiri kifaa kifike. Na hata kikifika, asikitegemee hicho peke yake kuijaribu kazi yake. Kifaa kizima kilichowekwa mezani, kwenye chumba chenye feni, hakimwonyeshi hata robo ya yale yatakayomkuta ghalani.

Wako wanaodhani poti ya siriali ilikufa pamoja na modemu za simu. Nendeni mkaangalie wenyewe. Nyuma ya kiashiria cha mizani ya kidijitali, ile inayopimia magunia, mara nyingi kuna tundu la pini tisa. Mashine nyingi za kupimia damu zinalo. Swichi na ruta za mtandao zina poti ya konsoli ambayo fundi huingilia siku ya kwanza, kwa kawaida kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. UPS kubwa, zile za kushikilia umeme unapokatika, vidhibiti vya mitambo viwandani, GPS za meli: vingi kati ya hivyo bado vinatumia utaratibu huohuo.

Utaratibu wenyewe ni mkongwe. Kiwango cha RS-232 kilitolewa mwaka 1960 na chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani, EIA, wakati ambapo kilichounganishwa kilikuwa mashine za kuchapa za mbali na modemu. Mwaka 1984 IBM ikatoa kompyuta ya PC/AT ikiwa na tundu dogo la pini tisa tunalolifahamu leo. Mwaka 1996 ikaja USB, na baada ya hapo watengenezaji wa laptopu wakaliondoa tundu lile taratibu hadi likatoweka. Watengenezaji wa mizani hawakuliondoa, nami nawaunga mkono. Waya tatu zinatosha: wa kutuma, wa kupokea, na wa ardhi. Fundi mwenye mita ya kawaida ya umeme anaweza kugusa pini inayotuma na pini ya 5, ambayo ndiyo ya ardhi, akaona volti hasi kati ya 3 na 15, akajua upande ule uko hai. Ni mitambo michache sana ya leo inayomruhusu fundi kugundua jambo kwa urahisi kiasi hicho.

Kila herufi husafiri biti moja baada ya nyingine. Kuna biti ya kuanzia, biti nane za herufi yenyewe, na biti ya kumalizia, jumla kumi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, basi, zinapita herufi 960 kwa sekunde na si zaidi. Namba hiyo kaeni nayo, tutaihitaji baadaye.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Programu yako inapotaka kusoma mizani haigusi waya. Inauomba mfumo endeshi uifungulie COM3, maana Windows huzipa poti majina ya COM na namba, kwa kasi ya 9600, biti nane, bila pariti, yaani biti ya ziada ya kukagua makosa, na biti moja ya kumalizia. Mfumo endeshi unaikabidhi kazi kwa draiva, yaani programu inayosimamia kifaa, na draiva ndiyo inayojua kama nyuma yake kuna chipu, au kebo ya USB, au hakuna chuma chochote. Programu haiulizi hayo. Inachotaka ni herufi ziingie na zitoke. Poti pepe inaanzia hapo: ni draiva inayojiandikisha kwenye mfumo kama poti halali, ikakubali kufunguliwa, kupangiwa kasi, kusomwa na kuandikiwa, ilhali anayezipokea herufi kwa upande wa pili ni programu nyingine.

Aina itakayotufaa zaidi ni ile ya jozi. Unatengeneza poti mbili, tuseme COM20 na COM21, na zinaunganishwa humohumo ndani ya kompyuta. Fikirieni bomba: unachomimina huku kinatoka kule, na kule wakimimina kinatoka huku. Waliozoea kebo wataitambua kazi hiyo, kwa sababu ni ileile ya kebo ya kukutanisha kompyuta mbili, ambayo waya wa kutuma wa upande mmoja unaingia kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kebo ya kununua, hakuna pini ya kupinda, na unaweza kufanya kazi yako ndani ya basi la Mtwara ukitaka.

Kwenye Windows, programu ninayoitumia na kuipendekeza ni com0com. Ni programu huria, haina ada, na imetumika kwa miaka mingi. Ukishaisimika unafungua dirisha lake la amri na kuandika:

install PortName=COM20 PortName=COM21

Kuanzia hapo poti hizo mbili zinaonekana kwenye orodha ya vifaa kama poti nyingine yoyote. Zipo pia programu za kulipia zinazofanya kazi hiyo kwa madirisha mazuri zaidi. Mwenye bajeti ya ofisi na anunue, si vibaya.

Kwenye Linux mambo ni mepesi zaidi, maana mfumo wenyewe una vituo pepe tangu zamani, yaani ncha za mawasiliano zisizo na chuma nyuma yake. Ukiwa na socat, programu ya kuunganisha njia mbili za data, amri moja inatosha:

socat -d -d pty,raw,echo=0,link=/tmp/mizani pty,raw,echo=0,link=/tmp/ofisi

Unapata ncha mbili zenye majina unayoyajua. Programu moja inafungua /tmp/mizani, nyingine /tmp/ofisi, zinaanza kuzungumza. Wanaohitaji nyaya za udhibiti, yaani zile za RTS, CTS, DTR na DSR ambazo vifaa huzitumia kuambiana kwamba viko tayari, vituo pepe vya kawaida havitawatosha. Hao watafute moduli ya tty0tty, ambayo inaziiga nyaya hizo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye kazi.

Mizani nyingi za kidijitali hutuma mstari mmoja wa maandishi kwa kila kipimo. Mfano wake ni huu:

ST,GS,+0061.40kg

kisha herufi mbili za kufunga mstari, namba 13 na namba 10 katika orodha ya herufi za ASCII. ST inasema uzito umetulia. Gunia likiwa bado linayumba mizani inatuma US. Mzigo ukizidi uwezo wake inatuma OL. GS ni uzito wote pamoja na chombo; NT ni uzito ukishatoa chombo. Viwanda vinatofautiana kidogo katika mpangilio, kwa hiyo someni kitabu cha mizani yenu, lakini sura ya jumla ni hiyo.

Tulipata kuitwa kwenye ghala moja, sitalitaja, ambako programu ya kupokea mazao ilikuwa inalalamikiwa. Aliyeiandika ni kijana hodari. Aliijaribu ofisini kwa jiwe la kupimia la kilo 20, akaliweka taratibu, namba ikatoka sawa kila mara. Programu yake ilikuwa inatafuta tarakimu ndani ya mstari, basi. Haikuangalia kama mbele kuna ST au US. Kule ghalani hakuna anayeweka gunia taratibu. Mchukuzi analitupa, bamba la mizani linashuka na kupanda, na kabla gunia halijatulia mistari kadhaa imeshatoka. Mmoja wa mistari hiyo unasema 74.85, unaofuata 58.20, halafu ndipo 61.40. Programu ilikuwa inachukua wa kwanza uliovuka kiwango fulani. Siku moja mnunuzi analipia kilo ambazo hazipo. Siku nyingine mchukuzi hajaliachia gunia vizuri, na mkulima anapunjwa.

Mkulima wa korosho haoni neno US. Anaona namba kwenye risiti. Amepalilia, amepulizia dawa, ameokota, amekausha, na namba ile ndiyo malipo ya msimu wake. Akishaona mara mbili kwamba namba ya kwenye skrini ya mizani na ya kwenye risiti haziendani, haamini tena kompyuta wala karani, na ana haki. Ndiyo maana nasema kazi hii si ya kuchezea.

Vijana ninaofanya nao kazi nawaagiza hivi: kabla hujaandika programu ya kusoma mizani, andika kwanza mizani. Maana yake ni programu ndogo, kwa lugha ya Python na maktaba yake ya pyserial haizidi mistari michache, inayofungua COM20 na kutuma yale ambayo mizani ingetuma. Programu yako halisi inafungua COM21, na haina njia ya kujua kwamba upande wa pili hakuna chuma.

Mizani yenu ya kuandika ianze na gunia la kutupwa: US ya 12.05, US ya 48.90, US ya 74.85, US ya 58.20, US ya 61.35, halafu ST ya 61.40 ikijirudia. Programu yako irekodi 61.40 mara moja tu. Ikirekodi mara mbili, umehesabu magunia mawili.

Halafu ukate mstari. Tuma ST,GS,+00 kisha nyamaza nusu sekunde, halafu tuma 61.40kg. Kwenye kebo halisi hili hutokea kila siku, kwa sababu herufi hazifiki kwa mafungu yanayolingana na mistari yako. Mfumo endeshi unakupa zilizofika, hata kama ni nusu. Programu inayodhani kila inachosoma ni mstari mzima itaandika kilo sifuri, halafu itashindwa kuelewa kipande kinachofuata.

Halafu anza katikati. Mizani iliyowekwa itume mfululizo haingoji programu yako iwashwe. Karani anafungua kompyuta asubuhi, na herufi za kwanza kufika ni 1.40kg, mkia wa mstari ambao mwanzo wake ulishapita. Programu ikisoma tarakimu tu, inaandika kilo moja na nukta nne, na hakuna kosa lolote litakalojitokeza kwenye skrini. Hili linaniogopesha kuliko yote, kwa sababu namba yenyewe ina sura ya namba halali. Dawa yake ni rahisi ukishaijua: tupa kila kitu mpaka uone mstari wa kwanza umefungwa, yaani herufi namba 10 imepita, ndipo uanze kukusanya, na kila mstari uukague urefu wake, kichwa chake na kipimo chake kabla ya kuuamini.

Halafu nyamazisha mizani kabisa. Umeme wa ghalani umekatika, laptopu ina betri. Programu inayoendelea kuonyesha 61.40 kwenye skrini kana kwamba gunia bado lipo, hiyo inadanganya. Ikae sekunde chache bila kupata mstari, iseme wazi kwamba mizani haipatikani.

Na mwisho tia kelele. Com0com ina mpangilio unaoitwa EmuNoise, unaoharibu herufi kwa uwezekano utakaouchagua mwenyewe. Ukiiweka ndogo sana, mstari mmoja kati ya mingi utafika na herufi isiyo yake, kama inavyokuwa kebo inapopita karibu na mota ya mashine ya kubangua. Iache programu ifanye kazi hivyo usiku kucha, asubuhi uangalie jumla. Jumla ikitofautiana hata kwa gramu kumi, usiende ghalani.

Mkitaka kuyapata haya yote kwa mizani halisi, itabidi mtupe magunia siku nzima, mkate kebo, mzime umeme, na mtafute mota. Na bado hamtaweza kurudia tukio lilelile mara ya pili ili mwone kama mmelirekebisha. Kwa jozi ya poti pepe mnalirudia mpaka mridhike.

Pamoja na kuipenda hivyo, nisingekuwa mkweli kwenu nisiposema poti pepe inaishia wapi. Kwenye bomba la ndani ya kompyuta, kasi ni jina tu. Upande mmoja ukisema 9600 na mwingine ukisema 2400, herufi zitapita salama salimini. Kwenye waya mngepata takataka. Mizani nyingine hutoka kiwandani zikiwa kwenye 2400, biti saba, pariti shufwa, na jozi yenu ya pepe haitawaambia kwamba mmekosea. Halafu kuna zile herufi 960 kwa sekunde nilizowaomba mkae nazo. Jozi ya pepe haina kikomo hicho. Inamwaga data papo hapo. Programu inayotuma oda ndefu kwa printa ya risiti itaonekana nyepesi mezani, na ikifika kwenye waya itasuasua. Com0com ina EmuBR kwa ajili ya hilo, na CNCA0 ni jina ambalo com0com yenyewe huiita poti ya kwanza ya jozi:

change CNCA0 EmuBR=yes

na poti inaanza kwenda kwa mwendo wa kasi iliyopangwa. Vituo pepe vya Linux havifanyi hivyo. Kwa hiyo siku ya mizani halisi bado iko palepale. Mnakwenda na kebo, mnahakiki kasi, pariti na pini, na mnajaribu kwa mzigo. Tofauti ni kwamba siku hiyo inakuwa ya kuhakiki mambo machache ya waya, si ya kuanza kuandika programu mbele ya karani aliyekasirika.

Nihamie maabara za hospitali. Huko sababu ya kutumia poti pepe ni nzito zaidi. Mashine ya kupima damu huwezi kuichezea. Kila kipimo kinakula kemikali za bei kubwa, na foleni ya wagonjwa iko nje. Hakuna mkuu wa maabara atakayekuachia mashine mchana kutwa ili ujaribu programu yako, naye yuko sahihi.

Mashine nyingi kati ya hizi zinafuata utaratibu uliowekwa na ASTM, shirika la viwango la Marekani, unaojulikana kwa namba E1381. Unakwenda kwa adabu kama ya watu wawili wanaosabahiana. Mashine inatuma herufi moja iitwayo ENQ, kuomba nafasi ya kusema. Programu yako inajibu ACK, kwamba karibu, sema. Mashine ikikaa sekunde 15 bila kujibiwa, inakata tamaa. Ikijibiwa, inatuma majibu kwa vipande, kila kipande na namba yake na hesabu ya kukagua mwishoni. Programu yako inapiga hesabu ile upya. Ikilingana inajibu ACK, isipolingana inajibu NAK, kwamba sikubali, na mashine inarudia kipande kilekile. Ikikataliwa mara sita inaacha.

Sasa niambieni, ni mashine gani halisi itakayowatumia kipande kibovu kwa makusudi, ili mwone kama programu yenu inajibu NAK? Hakuna. Nimeona programu zilizokuwa zinajibu ACK kwa kila kinachokuja, bila kukagua, na ziliendelea vizuri kwa muda mrefu kwa sababu kebo ilikuwa nzuri. Programu ya namna hiyo inakubali hata pale tarakimu moja ya hemoglobini inapobadilika njiani. Kwa jozi ya poti pepe unaandika mashine ya maabara ya kuiga, unaipa kipande chenye hesabu isiyolingana, unaipa kipande cha tatu kabla ya cha pili, unaikatiza baada ya ENQ, na unaangalia. Ni kazi ya siku chache kwa kijana makini, na mgonjwa ambaye majibu yake yatapita humo hatajua kamwe kwamba ilifanyika.

Faida nyingine ya kuunganisha mashine ile ni hii: mtaalamu wa maabara anaacha kunakili kwa mkono. Anayenakili majibu ya wagonjwa wengi kutoka kwenye karatasi hadi kwenye daftari, saa nane za usiku, atakosea siku moja. Tumwondolee mzigo huo.

Kuna matumizi mengine ya poti pepe nitayapitia kwa haraka. Mizani iko ghalani na mhasibu yuko ofisini upande wa pili wa uwanja. Kebo ya RS-232 haipendi masafa marefu. Mazoea ya tangu zamani ni mita kumi na tano hivi. Basi kompyuta ndogo inakaa ghalani na programu ya ser2net, inasoma mizani na kuzipitisha herufi kwenye mtandao wa ndani, na kompyuta ya mhasibu inapata poti pepe inayozipokea. Programu ya zamani ya uhasibu, isiyojua chochote kuhusu mtandao, inafungua COM7 yake kama ilivyozoea. Mipangilio kama kasi na pariti nayo inaweza kusafirishwa, kwa utaratibu ulioandikwa katika hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 2217 ya Oktoba 1997. Neno moja tu la tahadhari, na mlishike: njia hii kwa kawaida haina nenosiri wala usimbaji. Iwe ndani ya mtandao wenu, au ipite ndani ya handaki la SSH, njia iliyosimbwa. Kuiweka wazi kwenye intaneti ni kumwachia mtu wa mbali uzito wa gunia la mkulima auandike yeye.

Tena, Windows huruhusu programu moja tu kufungua poti kwa wakati mmoja. Kwenye chombo cha majini kuna GPS moja inayotuma sentensi za NMEA, mpangilio wa ujumbe wa vifaa vya majini, kwa kasi ya 4800, na ramani inaihitaji, na daftari la safari linaihitaji. Programu ya hub4com, ndugu ya com0com, inasoma poti halisi na kugawa herufi kwa poti pepe kadhaa. Kila programu inapata yake.

Sasa usalama wa kompyuta za watu, na hapa naomba mafundi mnisikilize vizuri. Draiva haikai na programu za kawaida. Inakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi. Ikiwa mbovu inaangusha kompyuta nzima, ikiwa na nia mbaya inaona kila kitu. Windows za biti 64 zinadai draiva iwe na sahihi ya kidijitali, na toleo la draiva lisilo na sahihi inayokubalika litakataliwa. Mtandaoni mtakuta maelekezo ya kuzima ukaguzi huo au kuzima Secure Boot, ulinzi wa kompyuta inapowaka. Kwenye mashine yako ya kujifunzia, amua mwenyewe. Kwenye kompyuta ya hospitali au ya chama cha ushirika, usifanye hivyo kamwe. Tafuta toleo lenye sahihi, au nunua programu ya kulipia yenye draiva iliyosainiwa. Na zile programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazozunguka kwenye flashi, msizikaribishe. Unamwekea mteja mlango ambao hujui nani ana ufunguo wake.

Na hata mnaponunua vile vifaa vya kugeuza USB kuwa siriali, angalieni mnachonunua. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland, inayotengeneza chipu za kazi hiyo, ilitoa draiva iliyofuta namba ya utambulisho ya chipu za bandia za jina lake. Watu waliamka asubuhi vifaa vyao havitambuliki tena, na wengi hawakuwa wamejua kabisa kwamba vilikuwa vya bandia. Kwangu mimi kosa lile lilimwangukia mnunuzi asiye na hatia, na sikulipenda. Lakini funzo la fundi ni kuuliza ndani ya kebo kuna chipu gani kabla ya kulipa.

Mambo mawili madogo yatakayowapotezea saa nzima msipoyajua. Kwenye Windows, poti yenye namba kuanzia 10 haifunguki kwa jina lake tupu kwa baadhi ya programu zinazoandikwa kwa mkono, andikeni \\.\COM20. Kwenye Linux nyingi, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kugusa poti halisi mpaka aingizwe kwenye kundi la dialout, halafu atoke na kuingia upya. Ukipata ujumbe wa kunyimwa ruhusa, anzia hapo, usikimbilie kuendesha kila kitu kama msimamizi mkuu.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa unakaribia kwisha, na nimeomba saa iliyobaki iwe ya vitendo. Kompyuta za mstari wa kushoto zina Windows na com0com imeshasimikwa. Za kulia zina Linux na socat. Kwenye kila meza kuna karatasi yenye mistari ya mizani niliyoieleza, pamoja na ile iliyokatwa katikati. Kaeni wawiliwawili: mmoja aandike mizani, mwenzake aandike programu ya karani, na anayeandika mizani asimwambie mwenzake atakachotuma. Mafundi wenye mita na kebo, mimi nitakuwa kwenye meza ya mwisho kule mlangoni, kuna kiashiria halisi cha mizani chenye tundu la pini tisa. Programu itakayovuka mistari yote ya kwenye karatasi bila kuandika kilo ya uongo, iletwe tuiunganishe nacho.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Tuanze.